Mume wa Pesel Yumo Kibaoni

Alhamisi moja, yapata saa nne asubuhi, Pesel alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko lake akimnyonyoa bata bukini wa tatu, wakati Getzel, mtunza sinagogi, alipoingia uani bila hata kubisha hodi akamwambia kwamba mume wake ameonekana.

"Wapi?" Pesel aliuliza.

"Kwenye Shiviti."

"Upande gani?"

"Kushoto, chini ya simba. Na kulia pia, maana karatasi ilikunjwa."

"Anafanya nini?"

"Anakula zabibu."

Pesel alimgeuza bata akaanza kunyonyoa mgongo. Manyoya laini aliyatia kwenye gunia la mito, magumu akayatupa kwenye ndoo. Alikuwa ameahidi bata watano kabla ya Sabato, na wawili walikuwa bado wanapiga kelele kwenye tenga.

"Huji kumwona?" Getzel aliuliza.

"Bata hawajinyonyoi wenyewe, Reb Getzel. Keti."

Getzel hakuketi. Alisimama akikunakuna ndevu zake kama mtu aliyetumwa na ambaye ujumbe wake haujaisha.

Shiviti ni kile kibao kinachotundikwa mbele ya anayesalisha, chenye Jina la Mungu katikati kwa herufi kubwa, ili mtu anaposali asisahau yuko mbele ya nani. Miji mingine wana vya shaba, wengine vya mbao zilizopakwa dhahabu. Sisi Holoshitz tulikuwa na cha karatasi, ndani ya fremu yenye kioo, na kusema kweli kilikuwa kizuri kuliko vyao vyote. Alikikata Zalkind, mumewe Pesel, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wadogo kusoma na ambaye kazi hiyo aliifanya vibaya. Alikunja karatasi mara moja katikati, kama wafanyavyo wakataji wote, akaibana kwenye ubao na kuikata kwa kisu cha fundi viatu, hata alipoikunjua kila kilichokuwa kushoto kikawa na mwenzake kulia: simba wawili, paa wawili, mizabibu miwili yenye vishada. Jina peke yake alilikata mwisho, karatasi ikiwa imefunguliwa, kwa sababu Jina halisomwi kinyumenyume. Kisha akaibandika juu ya karatasi ya buluu. Alikikabidhi kibao siku ya mwisho ya Hanuka, sikukuu yetu ya majira ya baridi, na kesho yake hakuonekana tena.

Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita. Kwetu mwanamke aliyeachwa hivyo, bila talaka na bila maiti, huitwa mke aliyefungwa. Haolewi. Atamfungua mume kwa kumtia hati ya talaka mkononi, au shahidi atakayesema nimemwona amekufa. Pesel alimtafuta Zalkind kwenye magulio yote ya Galisia, mpaka huko karibu na mpaka wa Mrusi. Aliuliza kwenye nyumba za wageni: mtu mfupi, anatumia mkono wa kushoto, sikio la kulia lina pengo, aling'atwa na mbwa. Majira ya baridi ya mwaka huu ndipo mchukuzi wa magogo mmoja alipopatikana aliyesema kwamba mwaka ule aliopotea Zalkind, yeye alimwopoa Myahudi mfupi mtoni, mwenye sikio lenye pengo, akamzika kando ya maji. Baraza la marabi lilikuwa limsikilize Jumatatu. Na katika mji wa jirani alikuwepo Fishel fundi mapipa, mgane mwenye watoto watatu, aliyekuwa anamsubiri Pesel mwaka wa tatu sasa. Pesel alikuwa ameshashona mashuka.

"Nani kamwona?" Pesel aliuliza.

"Wote."

"Wote kina nani?"

"Sisi wa safu ya mbele."

"Mmemwona lini?"

Getzel alimtazama bata. "Tangu mwaka ule," alisema.

Pesel aliacha kunyonyoa. Alimweka bata chini, akainuka na kutoka, na manyoya yamemjaa aproni mpaka kifuani.

Wanawake wetu husali juu, roshanini, nyuma ya ubao wenye matundu, na kutoka pale Shiviti huonekana kadiri ya kiganja. Miaka saba Pesel alisimama pale kila Sabato akimwomba Mungu amwonyeshe mumewe alipo. Siku hiyo aliingia kwa mlango wa wanaume, akapita katikati ya wazee waliokuwa wakijisomea, na hakuna aliyemzuia, maana uso wake haukuwa wa kuzuiwa. Alisogea mpaka kwenye kioo.

Zalkind alikuwa pale, mrefu kama kidole cha shahada, wa karatasi nyeupe kama simba wake, amejilaza chini ya mzabibu na kofia yake kichwani. Sikio lilikuwa na pengo. Alichuma zabibu, akatafuna, akatema kokwa. Upande wa pili wa karatasi alikuwepo tena, naye akatema. Kokwa zilikuwa zimejikusanya chini ya fremu, kirundo kushoto na kirundo kulia.

"Kanenepa," Pesel alisema.

"Huwa nazifagia kila mwaka kabla ya Pasaka," Getzel alieleza, kuhusu kokwa.

Rabi Meilech alitoka chumba cha nyuma. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alikuwa hajawahi kumkosea mtu adabu, na ndiyo maana watu kama yeye wanatisha. Alimkaribisha Pesel kiti. Pesel hakutaka kiti.

"Rabi ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka saba?"

"Na siku kadhaa."

Aliagiza daftari la jumuiya liletwe, kwa kuwa hakuwa na la kuficha. Kwetu ni mwiko kusali mbele ya sura ya mtu, na kwa hiyo juma lile lile Zalkind alipotokea, wanaume wa safu ya mbele walipeleka shauri kwa Rabi. Rabi alikuja na mshumaa na kioo cha kukuzia, akamtazama Zalkind saa nzima, akaandika. Getzel alisoma kwa sauti: sura iliyoonekana kwenye kibao si sanamu, kwa maana sanamu haina uhai na huyu anapumua, sala na iendelee. Chini yake walikuwa wametia sahihi watu saba.

"Mliandika anapumua," Pesel alisema.

"Alikuwa anapumua."

"Na mimi nikawa natembea mpaka visigino vinapasuka! Nilikuja hapa mlangoni, Rabi, baridi ile ya kwanza, nikakuuliza kuna habari yoyote ya mume wangu. Ukasema hakuna!"

"Uliuliza kama kuna habari kutoka barabarani," Rabi alisema. "Kutoka barabarani hazikuwa zimekuja."

Hakuna aliyecheka. Wazee waliinamia vitabu vyao kama watu wenye mtihani kesho. Sisi wa safu ya tatu tulimwona pia, tukitaka kusema ukweli, ila sisi hatukuwa tumetia sahihi.

"Kwa nini mnaniambia leo?"

Rabi alimweleza kwa upole. Jumatatu baraza likimsikiliza mchukuzi wa magogo litamtangaza Zalkind kuwa amekufa. Akishatangazwa amekufa, basi yule wa kwenye kibao hatakuwa mtu hai, atakuwa sura, na sura haiwezi kubaki mbele ya watu wanaosali. Kibao itabidi kishushwe na, kwa kuwa kina Jina, hakichomwi wala hakitupwi. Kitazikwa makaburini pamoja na vitabu vilivyochakaa. Hakuna kibao kama kile toka hapa mpaka Lemberg.

"Kwa hiyo mmechagua kibao," Pesel alisema.

"Usiseme hivyo, binti yangu. Tumechagua ukweli."

"Ukweli huo, Rabi, uliuweka wapi miaka saba?"

Rabi alimwonyesha daftari.

Jumatatu mchukuzi wa magogo alirudishwa kwao, na mtu aliyemzika kando ya mto akabaki bila jina. Baraza lilikaa mbele ya Shiviti, marabi watatu: Meilech na wawili kutoka nje. Sheria inajua la kufanya na mume asiyeweza kusema. Huulizwa maswali matatu kupima akili yake, akijibu sawasawa kwa kichwa, huulizwa la nne kuhusu talaka.

"Je, matofaa huiva wakati wa theluji?"

Zalkind alitikisa kichwa.

"Je, Sabato ni siku ya saba?"

Akainamisha kichwa.

"Je, wewe ndiwe Zalkind mwana wa Yerakhmiel?"

Akainamisha tena, pande zote mbili za karatasi, na mmoja wa marabi wageni, aliyekuwa mtu wa kuchimba mambo, akasimamisha kikao ili ajue yupi ndiye mume na yupi ni mkunjo. Hilo liliwachukua mpaka sala ya alasiri. Mmoja alisema mume ni wa kushoto kwa sababu kisu kilianzia huko. Mwingine alisema Zalkind alitumia mkono wa kushoto, basi mume ni yule anayechuma kwa kushoto. Waliulizwa wote wawili na wote wawili wakainamisha kichwa kwamba ndiye. Mwishowe waliafikiana kwamba wakikubali wote talaka itaandikwa, na wakikataa wote hakuna haja ya kujua.

"Je, tumwandikie mkeo Pesel hati ya talaka?"

Zalkind alichuma zabibu. Aliitafuna, akatema kokwa, akamtazama Pesel, wa kushoto na wa kulia, halafu akatikisa kichwa.

"Mwulizeni kwa nini," Pesel alisema.

"Kwa nini haijibiwi kwa kichwa," alisema Rabi Meilech.

Basi Pesel akamwendea mwenyewe. "Zalkind, nitazame. Nimekulisha miaka mitano. Nilifua nguo zako, nikakupasulia kuni, wewe unakata simba. Sikudai chochote. Inamisha kichwa mara moja tu, halafu ule zabibu zako mpaka upasuke. Ewe mwanaharamu, inamisha kichwa!"

Zalkind aligeukia mzabibu wake. Getzel aliona afadhali aseme analojua, kwa kuwa alikuwa jirani na ukuta wao ni mmoja. Alisema jioni ile ya Hanuka alimsikia Pesel akimfokea mumewe kwa maneno haya: si uhamie humo humo kwenye karatasi yako, ukae na simba wako, mimi nipumzike.

"Ulisema?" Rabi aliuliza.

"Nilisema. Nyumbani hakukuwa na kuni."

"Basi alikutii," Rabi alisema. "Wanawake wangapi hapa Holoshitz wanaweza kusema hivyo juu ya waume zao?"

Kutoka roshanini, nyuma ya ubao wa matundu, mwanamke mmoja aliguna. Pesel hakukubali yaishe hivyo. Kwa kuwa babake alikuwa mwandishi wa hati, alikua akiyasikia mambo hayo mezani, na alijua zaidi ya walivyopenda. Alisema sheria inaruhusu mume mkaidi apigwe mpaka aseme nimekubali. Walimwuliza atapigwaje, na Jina liko nusu shubiri juu ya kichwa chake. Alisema basi atengwe, mtu asiketi naye wala asimtazame. Walimwuliza wanaume watamgeuzia nani nyuso zao wanaposali. Alisema basi akatwe atolewe, yeye peke yake, kwa kisu kile kile. Mzee yule wa kuchimba mambo alisema karatasi ni moja, haina kiungo; ukimkata umemwua.

"Nitakuwa mjane," Pesel alisema.

Rabi Meilech alimwambia mwandishi hilo asiliandike.

Fishel alifika Jumatano na mkokoteni wake, mapipa yakigongana nyuma. Alikuwa mtu mkubwa wa maneno machache, mwenye mikono iliyonuka moshi wa mwaloni, na hakushuka mpaka Pesel alipotoka nje.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia."

"Kakataa?"

"Anakula zabibu."

Fishel aliwaza. "Nitangoja mpaka baada ya Pasaka."

"Baada ya Pasaka kutakuwa na nini?"

"Sijui. Labda atashiba."

"Zinaota tena, Fishel. Anachuma jioni, asubuhi zipo."

"Watoto wanalala na viatu, Pesel," Fishel alisema. "Nikitoka alfajiri hakuna wa kuwavua." Alisema hivyo bila lawama, na hilo ndilo lililomuuma Pesel zaidi ya yote yaliyosemwa barazani, maana angeweza kumjibu mtu anayelaumu. Aliingia ndani akamletea chupa ya mafuta ya bata kwa ajili ya watoto, wakaagana.

Fishel alingoja mpaka baada ya Pasaka, kisha mpaka katikati ya kiangazi. Halafu akamwoa mjane wa mshona kofia, ambaye alikuwa na cheti cha kifo cha mumewe. Mashuka Pesel aliyauza. Hakumchukia Fishel. Waliobaki aliwachukia wote, mmoja mmoja na kwa majina, na akipita barabarani alitusalimu kwa sauti kavu hata tukaanza kupitia nyuma ya mashine ya kusaga.

Zalkind, kwa upande wake, alipata sifa. Mambo yalipokuwa hayafichwi tena watu walianza kuja kutoka miji mingine kumwona mtu aliyeingia karibu na Jina akakaa. Walichomeka vikaratasi vya maombi nyuma ya fremu, na mengi ya maombi hayo, msicheke, yalikuwa ya mama wenye mabinti, wakiomba waume wema. Wakitoka pale walipita kwa Pesel kumshika aproni. Mmoja, mwenye mabinti wanne, alimwambia, "Bahati yako, dada. Wa kwangu sinagogi hata haendi."

"Mchukue wangu," Pesel alisema.

"Mungu aniepushe, mume wa mtu!"

Siku moja ya mwisho wa kiangazi, katika sala ya asubuhi, wanaume wa safu ya mbele waliona mwanamke kwenye Shiviti. Mahali pale chini ya miguu ya paa palipokuwa wazi, buluu tupu, palikuwa na karatasi nyeupe. Alikuwa mwembamba, mwenye ushungi, uso ameugeuzia pembeni. Zalkind alikuwa ameinamisha tawi la mzabibu likawa mfano wa kile kitambaa ambacho kwetu hutandazwa juu ya maharusi, wakasimama chini yake, na upande wa pili vilevile. Wanaume walingoja mpaka mwisho wa sala, kwa sababu katikati hairuhusiwi kusema, kisha wakamtakia heri.

Pesel aliposikia, alivaa nguo zake za Sabato, siku ya Jumanne, akaenda kwa Rabi Meilech. Kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi alikuwa na rangi usoni. Marabi wa kale walipiga marufuku mwanamume wetu kuoa mke wa pili, na marufuku hiyo haina mchezo. Anayeivunja hulazimishwa amwache mmojawapo, apende asipende. Alisema hayo yote kwa pumzi moja, na akataja na ukurasa. Rabi alikiri kwamba ukurasa ni huo.

Baraza lilikaa tena, siku mbili. Lilitoa hukumu kwamba marufuku inahusu mwanamke aliyezaliwa na mwanamke, na huyu hana mama. Pia kwamba hakuna aliyesikia maneno ya ndoa yakitamkwa, hivyo hakuna ajuaye kama ni ndoa. Pesel aliuliza, kama si ndoa, mtu mwenye mke anakaaje na mwanamke asiye mkewe mbele ya Jina? Baraza likasema kwa heshima ya Jina lazima idhaniwe ni ndoa. Aliuliza, kama ni ndoa, marufuku? Wakamrudisha kwenye mwanamke asiye na mama. Alizunguka nao hivyo mpaka koo likamkauka, wala hakuna aliyempandishia sauti hata mara moja. Getzel aliandika hukumu daftarini, chini ya ile ya kwanza, na walewale saba wakatia sahihi, ila mmoja aliyekuwa amefariki, ambaye mwanawe alitia kwa niaba yake.

Na kwa kuwa sasa ilikuwa imeandikwa kwamba idhaniwe ni ndoa, Ijumaa wanaume walileta keki ya asali na vodka sinagogini, wakagongesha vikombe mbele ya kioo. Kwa desturi yetu kipande cha kwanza hupelekwa kwa jamaa wa bwana harusi. Zalkind hakuwa na jamaa mwingine Holoshitz, kwa hiyo Getzel alikifunga kipande kwenye kitambaa safi akakipeleka kwa Pesel. Alimkuta uani. Safari hii alibisha hodi.

"Rabi anakusalimu," alisema. "Anasema umtakie mumeo heri."

"Na mimi, Reb Getzel? Mimi ni nani sasa?"

Getzel alishangaa swali. "Wewe si mkewe?" alisema. "Tena mke mkubwa."

Pesel alifungua kitambaa. Alikula keki pale pale amesimama, polepole, mpaka ikaisha, kwa sababu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Alikung'uta makombo, akakikunja kitambaa katikati, akamrudishia.

"Mwambie Rabi," alisema, "wamebania asali."